Anayeonekana akila: simu, sahani na neno "karibu"



Kuna neno ambalo mtoto wa kwetu hufundishwa mapema sana, pengine kabla hajajua kusali: mtu akikukuta unakula, unamwambia "karibu". Haidhuru sahani ina nini. Inaweza kuwa bugali na sombe, inaweza kuwa muhogo uliochomwa shambani. Na aliyekukuta anajua la kujibu. Ananawa mikono na kukaa, ao anasema "asante, nimetoka kula", hata kama tumbo lake linasema mengine. Wote wawili wanabaki na heshima yao. Mzee asiyejua kusoma hata herufi moja anajua kwamba kula mbele ya macho ya mtu bila kusema neno lile ni kumtukana.

Tumeanza na neno hilo kwa sababu ya swali ambalo vijana wa Mbau hutuuliza kwenye masomo ya Biblia: je, ni vibaya kupiga picha ya chakula kule restora na kuiweka kwenye WhatsApp ao Facebook? Wazee wanajibu upesi kwamba ni majivuno. Vijana wanajibu upesi kwamba wazee hawajui simu. Majibu yote mawili yanapita kando ya jambo lenyewe. Kula nje ya nyumba ni desturi ya zamani kwetu. Kilicho kipya ni hesabu ya macho yanayotuona tukila, na kwamba wengi wa wenye macho hayo hatuwezi kuwaambia karibu.

Vyungu vya njia panda

Kwa msomaji asiyepajua: Mbau iko kilomita 20 hivi kaskazini ya mji wa Beni, kwenye barabara ya kitaifa namba 4 inayoelekea Oicha, Eringeti, Luna, Komanda na mbele mpaka Kisangani. Hapo ndipo inapochepuka barabara ya kwenda Kamango na mpaka wa Uganda. Penye njia panda pana wasafiri, na penye wasafiri pana vyungu. Malewa ya Mbau hayana karatasi yenye orodha ya vyakula. Mama anafunua sufuria, unaona mwenyewe: maharagi, sombe, mchele, ndizi, siku nyingine mbuzi ao samaki wa ziwa Edward waliotoka Kyavinyonge ao Vitshumbi. Dereva wa lori, motari na mkulima wa kakao wanakaa benchi moja. Maji ya kunawa ni yale yale, na anayechelewa anakuta bakuli la pilipili limeisha.

Kula huko kulikuwa na usiri wake mzuri. Aliyekula Mbau alionekana na watu wa Mbau, basi. Huko nyuma Butembo hakuna aliyejua kama alikula nyama ao maharagi. Na wale waliomwona waliweza kukaribishwa. Mtoto aliyesimama karibu na benchi alipewa kipande, motari aliyekosa abiria tangu asubuhi alikatiwa bugali. Hatusemi kwamba watu wa zamani walikuwa watakatifu. Wako waliogeuza mgongo ili wamalize nyama yao. Lakini hata kugeuza mgongo kulikuwa kukiri kwamba kuna mtu nyuma.

Halafu zikaja simu zenye kamera nzuri, na mwezi wa Februari 2017 WhatsApp ikaleta ile statu tunayoijua sasa: picha inayokaa saa 24, kisha inapotea yenyewe. Ukigusa alama ya jicho chini ya picha yako, unapewa majina ya walioitazama, isipokuwa wale waliozima alama za kuonyesha kwamba wamesoma. Huenda mtengenezaji wa programu aliona ni jambo dogo. Kwa mchungaji, orodha ile ni kitu kizito. Mlaji anapewa kwa maandishi majina ya waliomwona akila.

Tunawaomba vijana waifungue orodha yao na kuisoma polepole, kama tunavyosoma majina ya washirika siku ya Meza ya Bwana. Yuko rafiki wa shule aliyebaki Butembo. Yuko bosi. Yuko msichana aliyekataa posa. Na mara nyingi, katikati ya majina 80 ao 100, yuko shangazi ao mama mdogo aliyekimbia kijiji chake, ambaye sasa analala na watoto wanne katika chumba cha kuazima kule Oicha. Mauaji yalipoanza kuongezeka katika wilaya ya Beni, mwezi wa Oktoba 2014, sehemu za Mbau zilikuwa kati ya zile zilizoumizwa. Kwa hiyo hapa si rahisi kumpata mtu asiye na ndugu aliyehama. Mama mdogo huyu amepewa simu na mtoto wake ili wapigiane habari za usalama. Jioni anaifungua, na kabla ya habari za usalama anaona mbuzi wa kuchoma, viazi vya kukaanga na chupa tatu za soda. Yeye leo amepika mara moja. Ameona. Jina lake limeandikwa kwenye orodha. Hakuna aliyemwambia karibu.

Korintho walikula wapi?

Wakristo wa Korintho hawakuwa na simu, lakini swali la kuonekana ukila waliliishi kabla yetu. Katika miji ya Kigiriki ya wakati ule, mahali pa heshima pa kula nje palikuwa mahekaluni. Wachimbaji wa mambo ya kale walikuta huko Korintho, kwenye hekalu la Asklepio, vyumba vitatu vya kulia, kila kimoja kikiwa na nafasi ya makochi 11 kando ya kuta. Huko Misri, katika magofu ya Oksirinko, zilipatikana karatasi za mafunjo zenye mialiko: fulani anakuomba uje kula kwenye meza ya bwana Serapi, kesho, saa fulani. Ni mifupi kama ujumbe wa WhatsApp. Watu walienda huko kwa sikukuu za familia na kwa mambo ya urafiki na kazi, na kukataa mwaliko kulikuwa na bei yake.

Katika 1 Wakorintho 8, Paulo anakubaliana na wenye maarifa: sanamu si kitu, na chakula chenyewe hakitusogezi karibu na Mungu wala hakitupeleki mbali naye. Kama shida ingekuwa nyama, mazungumzo yangeisha pale. Lakini kwenye aya ya 10 anamleta mtu ambaye hakualikwa, ndugu mwenye dhamiri dhaifu, anayekuona umeketi kwenye meza ya hekalu. Mlaji hajamtendea neno. Pengine hata hajajua kwamba yule yuko. Hata hivyo kule kuonekana tu kumekwisha kufanya kazi ndani ya moyo wa mwingine, na Paulo anakuita kutenda dhambi juu ya ndugu. Mwisho wa sura anasema yeye yuko tayari kuiacha nyama kabisa. Ni mtu huru anayesema hivyo, mtu ambaye amekwisha kushinda hoja.

Sura ya 11 tunaisoma kila tunapomega mkate, lakini karibu kila mara tunaanzia aya ya 23. Tukianzia aya ya 17 tunakuta ugomvi wa chakula. Kanisa lilikutana katika nyumba ya mtu mwenye mali. Jerome Murphy-O'Connor, aliyeandika sana juu ya Korintho ya Paulo, alieleza namna nyumba hizo zilivyojengwa: chumba cha kulia chenye makochi pande tatu, ambamo walienea watu tisa hivi, na nje yake uwanja wa ndani ambamo waliobaki walijibana. Ni rahisi kuona nani alikaa wapi. Wenye nafasi walifika mapema na vyakula vyao. Watumwa na vibarua walifika baada ya kazi, wakakaa uwanjani, na kutoka uwanjani waliona mezani. Mmoja ana njaa, mwingine amelewa. Lawama ya Paulo ni kwamba wanawaaibisha wasio na kitu.

Tuangalie vizuri lawama hiyo. Hakuna aliyeiba. Chakula kilikuwa chao, walikileta kutoka nyumbani. Na Paulo hakuwakataza kula vizuri, kwa maana anawakumbusha kwamba wana nyumba za kulia na kunywa. Kilichomkasirisha ni kukila pale, mbele ya mwenzao mwenye njaa, katika mkutano uliosema kwamba wote ni mwili mmoja. Sasa simu imeufanya uwanja ule wa Korintho kuwa mpana sana. Sisi tunakaa kwenye makochi, na nje, gizani, wamekaa watu mia wanaotazama ndani. Wengi wao tunaimba nao Jumapili.

Kutuma na kuonyesha

Hapo vijana wanatujibu, na jibu lao si bure. Wanasema: mchungaji, picha hii ni shukrani. Binti wa mjane amepata diploma yake ya serikali, mjomba amempeleka restora kwa mara ya kwanza katika maisha yake. Je, asifurahi mbele za watu? Wanasema pia, na hili linatugusa zaidi, kwamba huku kwetu picha ya sahani ni habari ya uhai. Dada aliye Kampala amechoka kusikia hesabu ya waliouawa. Akiwaona ndugu zake wamekaa kuzunguka meza, wamevaa mashati safi, mdogo wao ana mafuta ya nyama kwenye kidevu, anajua wamefika, wako wazima. Analala usingizi.

Tunakubali yote mawili. Lakini tunaomba tofauti moja itazamwe. Ukimtumia dada yako picha, umemchagua. Umemwita kwa jina, na yeye atajibu: "mulikula bila mimi!" Utani huo ni neno karibu linalorudi kutoka upande mwingine. Ukiiweka picha ile ile kwenye statu, hukumwita mtu. Umeiacha mlangoni, kila apitaye aone. Ndiyo maana statu nyingi za chakula hazipati jibu lolote. Mtu aliyeona na kuwa na njaa atajibu nini? Akiandika "nami nipe", amekuwa ombaomba. Akinyamaza, amebaki na njaa yake na aibu juu. Zamani tulimwandalia jibu la heshima. Sasa hana.

Kuhusu sala tutasema kidogo tu, maana limesemwa sana mimbarani. Ni kweli kwamba kwenye meza nyingi picha inatangulia baraka, na mtu anayeombea chakula anaambiwa angoje mwanga urekebishwe. Kwenye karamu za ndoa huko Butembo tumeona bibi na bwana harusi wakilishana keki mara tatu kwa sababu mpiga picha hakuridhika na mara mbili za kwanza. Tunacheka, lakini hatuoni kwamba hapo ndipo penye hatari kubwa. Mungu anaweza kungoja dakika moja. Mama mdogo wa Oicha amengoja sana.

Macho mengine

Kuna watazamaji wa namna nyingine, na hapa hatuzungumzi tena juu ya dhamiri. Tarehe 27 Juni 2021 mabomu yalilipuka mjini Beni, moja katika kanisa katoliki la Butsili, lingine karibu na baa. Tarehe 25 Desemba ya mwaka ule ule, siku ya Noeli, watu zaidi ya 30 walikuwa wamekusanyika kusherehekea katika restora na baa iitwayo In Box. Jina hilo linakumbusha simu, lile sanduku ambamo ujumbe unaingia. Mlipuaji alizuiwa mlangoni na kujilipua pale pale. Watu kadhaa walikufa, wengine zaidi ya kumi wakajeruhiwa. Na simu za Beni na Butembo zikapokea picha ambazo hakuna mzazi angependa kuziona, picha za watu waliokwenda kula Noeli, zikisambazwa na watu wasiowajua hata majina. Nao walikuwa na watu wao waliokuwa bado wanawatafuta.

Tangu hapo kula nje mjini Beni hakujawa kama zamani. Watu wengi wanachagua mchana kuliko jioni, wanapenda kiti kinachotazama mlango, na mikoba inafunguliwa kabla ya kuingia. Katika hali hiyo, picha inayoonyesha mlango uko wapi, watu ni wangapi na saa ni ngapi, ikiwekwa hadharani wakati watu wangali mezani, ni jambo la kufikiriwa mara mbili. Tunawaambia vijana: kama lazima uiweke, iweke ukisha kufika nyumbani.

Wakulima wa kakao nao wanahusika. Mwaka 2024 bei ya kakao kwenye soko la dunia ilipita dola 10 000 kwa tani, na sehemu ya pesa hizo ilifika hata kwenye mashamba ya Mbau na Oicha, mashamba ambayo watu huingia wakiacha wosia nyumbani. Kijana anauza gunia, anateremka Beni, anaagiza kuku mzima, anapiga picha ya kuku, chupa na ufunguo wa pikipiki mpya. Hatumlaumu kwa kuku. Amemtoa katika pori ambamo wenzake hawakurudi. Lakini picha ile moja imekwisha kueleza kwamba ana pesa, yuko wapi, na kwamba usiku huu kwake hayuko. Mwizi na mteka nyara wana simu pia.

Mama mpishi na uvumi

Mazungumzo juu ya simu na chakula humsahau mtu mmoja, yule anayepika. Kwake simu imekuwa baraka na pigo.

Baraka tunaiona Butembo na Beni kila siku ya kazi. Asubuhi mama anatuma kwenye kundi la wafanyakazi picha ya sufuria zake: leo kuna mbuga, samaki, maharagi. Wanajibu kwa hesabu ya sahani, wanalipa kwa Airtel Money ao M-Pesa, motari anapeleka. Hana haja ya kukodi nyumba kando ya barabara kubwa. Mjane anaweza kusomesha watoto kwa jiko la uani. Na tuseme wazi kwamba picha yake hiyo haina shida yote tuliyoeleza hapo juu. Imepigwa ili watu waje kula.

Pigo ni uvumi. Malewa ya Mbau yanaishi kwa barabara, na barabara inaishi kwa habari. Siku hizi msafiri hashuki garini kabla hajasikiliza ujumbe wa sauti: njia iko wazi, njia imekatwa, magari yanangoja kusindikizwa na askari. Ujumbe wa namna hiyo umeokoa watu, nasi hatutamwambia mtu aupuuze. Lakini ukiwa wa uongo, ao wa juzi, ukarudishwa leo na mtu ambaye hakutazama tarehe, magari hayafiki, na vyungu vinarudi nyumbani vimejaa. Mama alikopa pesa za mchele. Jioni anawaita majirani wale kabla chakula hakijaharibika, kesho hana cha kuanzia. Hakuna anayemhesabu mama huyu kati ya waliojeruhiwa na uvumi.

Tulijifunza jambo hilo wakati wa Ebola, ugonjwa uliotangazwa Mangina tarehe 1 Agosti 2018 na kwisha tarehe 25 Juni 2020, ukiwa umeua watu zaidi ya 2 200. Ndoo ya kunawa mlangoni mwa kila restora ilikuwa kinga kweli. Kando yake kulikuwa na ujumbe uliopita simu kwa simu: msile kwa fulani, mtu wao ameugua. Mara nyingine fulani hakuwa na mgonjwa yeyote. Alikuwa na jirani mwenye wivu.

Uongo wa upande mwingine upo pia, uongo wa sifa. Mwaka 2017 huko London, mwandishi Oobah Butler alijifanya ana restora katika banda alimoishi. Aliweka picha za vyakula vilivyotengenezwa kwa povu la kunyolea ndevu, marafiki wake wakaandika sifa, na mwezi wa Novemba banda hilo likapanda mpaka nafasi ya kwanza ya restora zote za London kwenye Tripadvisor, likiwa halijampikia mteja hata mmoja. Watu walipiga simu wakiomba nafasi. Tunaichukua habari hiyo kwa sababu kuna restora kwetu pia zilizoanza kupamba ukuta mmoja kwa maua ya plastiki na taa za rangi ili wateja wapigie picha hapo. Bei ya ukuta inaingia kwenye bei ya sahani. Mama wa sufuria nyeusi kwa moshi hana ukuta. Tukimpenda, tumtaje kwa rafiki zetu kwa jina na mahali alipo, maana sifa ya mteja aliyekula kweli ndiyo matangazo yake peke yake.

Tunachowaambia vijana, na tunachojiambia

WhatsApp inaruhusu kuchagua nani aione statu: wote ulio na namba zao, wote isipokuwa fulani, ao fulani tu. Kijana mmoja alituuliza kama kumwondoa mama mdogo kwenye orodha kunatosha. Tulizungumza naye muda mrefu. Kuna siku ambapo ndiyo, kunatosha: hana kitu cha kumpa, na kumficha ni kumwonea huruma, ndicho Paulo alichowaambia Wakorintho waliokuwa na nyumba za kulia. Lakini kama anamwondoa ili asimwombe, hilo ni jambo lingine, na jicho lililofichwa siku moja litafichwa mwaka mzima. Tulimwambia ahesabu bei ya sahani moja ya Mbau kwa franka, kisha aangalie bei ya mega alizotumia kuweka picha na video ya karamu yake wiki hiyo. Alihesabu mbele yetu. Zilikuwa karibu sawa. Hatukumwambia afanye nini na hesabu hiyo. Yeye mwenyewe aliomba namba ya Airtel Money ya mama mdogo kwa dada yake.

Linabaki jambo linalotuhusu sisi viongozi kuliko vijana. Siku ya kuwagawia waliohama chakula, wanaopiga picha nyingi kuliko wote ni watu wa makanisa na wa mashirika. Mama anainua mikono kupokea kopo la maharagi, na simu tano zinamwelekea. Picha inakwenda kwenye ukurasa, inapata mioyo na amina, na watoto wake wanaiona shuleni kwenye simu za wenzao. Hapo tumegeuza mambo: mwenye njaa ndiye anayeonekana akila, na sisi tumekaa uwanjani tukimtazama. Wafadhili wanahitaji ripoti, tunajua. Ripoti inaweza kuonyesha magunia, mizani, karatasi zenye sahihi. Kwa hiyo katika sehemu yetu tumewaomba mashemasi kwamba siku ya kugawa, simu zibaki mfukoni mpaka sahani ya mwisho imekwisha kuoshwa. Anayetaka kupigwa picha, kama wapo wanaopenda, ataulizwa baadaye, akiwa amesimama, mikono yake ikiwa haina kitu, na picha atatumiwa yeye kwanza.